Paspoti Iliyotangulia

Siku Moliehi alipopigiwa simu kuambiwa kwamba mama yake amefariki, paspoti yake ilikuwa imeshatangulia kwenda kwao Lesotho bila yeye. Ilikuwa Jumanne, katikati ya majira ya baridi, naye alikuwa bafuni nyumbani kwa Dada Busi, Johannesburg, akiwaogesha mapacha. Lwazi alikuwa na povu kichwa kizima. Lwandle alikuwa ndani ya maji na soksi zake, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameapa hazivui.

“Moliehi, umekaa?” aliuliza Mathabo, mdogo wake mama. Hakuwa na kawaida ya kupiga simu; husubiri apigiwe.

“Nimepiga magoti, naogesha watoto. Sema, Mama mdogo.”

“Basi kaa hivyo hivyo. Dada yangu ametuacha. Leo alfajiri.”

Moliehi aliweka simu juu ya mashine ya kufulia. Akachota maji kwa kikombe, akamsuuza Lwazi povu, kwa sababu lingemwingia machoni. Akawafuta, akawavisha, akawawashia katuni. Ndipo akaenda jikoni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akalia chini ya sauti ya maji ili watoto wasisikie.

Kuhusu paspoti, mambo yalikuwa hivi. Mtu wa Lesotho anayefanya kazi kwa watu kule Johannesburg hupewa siku thelathini, zikiisha atoke, agongwe muhuri, arudi agongwe mwingine. Kila mwezi kwenda na kurudi ni siku mbili, na Dada Busi hakuwa na siku mbili za kumpa mtu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi paspoti ilikwenda na dereva aitwaye Sello, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na za wasichana wengine, na Sello alikuwa na mtu wake pale langoni. Ukihesabu mihuri, Moliehi alikuwa amevuka daraja la mpakani karibu mara hamsini katika miaka minne. Kwa miguu yake mwenyewe alikuwa amevuka mara tano. Krismasi iliyopita Dada Busi alimwomba abaki kwa sababu ya wageni. Pasaka pia.

Dada Busi hakuwa mtu mbaya. Jioni alipotoka kazini na kuambiwa, alitupa mkoba chini, akamkumbatia Moliehi, akalia naye. “Pole, Moli wangu. Mama ni mama.” Akamtengenezea chai kwa mikono yake, jambo lililokuwa halijatokea. Kisha akauliza, “Mazishi lini?”

“Jumamosi ya wiki ijayo, Dada.”

“Aa, afadhali kuna nafasi.” Akachukua simu, akatazama kalenda. “Maana Jumatano ile niko Durban, na Alhamisi nachelewa kurudi. Ukiondoka Ijumaa asubuhi, Jumapili jioni umerudi, sivyo? Na nitafutie mtu wa kukushikia. Mtu safi, asiye na mambo ya wanaume.”

Basi kwa siku kumi Moliehi aliomboleza huku akifua, akipika, akipiga nguo pasi na kufunga vifungo vya sare za shule. Kila usiku watoto walipolala alimpigia Sello. Siku za mwanzo Sello alipokea. “Kesho, dada yangu. Mtu wangu hayuko zamu.” Halafu simu ikawa inaita bila kupokewa. Halafu ikazimwa.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri Puseletso, msichana wa kijijini kwao ambaye alikuwa hana kazi tangu Machi, aliwasili na begi lake. Moliehi akamwonyesha dawa ya kikohozi ya Lwazi, sahani ambayo Lwandle hakubali kula bila hiyo, na jinsi ya kufunga geti. Dada Busi akatoka na gauni jeusi mkononi.

“Chukua hili, Moli. La msiba. Limenibana siku hizi.” Lilikuwa na doa la mafuta kifuani, na kwa Moliehi lilikuwa pana kama pazia. Akashukuru. Dada Busi akakohoa kidogo. “Hebu nifungulie begi. Si kwamba sikuamini, unanijua. Ni utaratibu tu wa nyumba mtu anapotoka.”

Moliehi akafungua. Dada Busi akainua viatu vidogo vyekundu. “Hivi si vya Lwandle?”

“Ulinipa mwaka jana, Dada. Nimpelekee Relebohile.”

“Nilikupa?” Akavitazama. “Haya. Vilikuwa ghali hivi.” Akavirudisha.

Puseletso alikuwa amesimama hapo hapo na begi lake bado mkononi, macho ameyaelekeza sakafuni.

* * *

Kituoni, kwenye foleni ya magari ya kwenda mpakani, dereva mmoja mnene alikuwa ameegemea mlango wa gari lake akila andazi kubwa lililojazwa soseji.

“Namtafuta Sello,” Moliehi alisema.

“Sello?” Dereva akatafuna, akameza. “Sello anakula chakula cha serikali, dada. Tangu wiki iliyopita. Wamemkuta na paspoti kumi na nne na hana abiria hata mmoja. Gari tupu! Wakamwuliza, watu wako wapi? Akasema wako chooni.” Akacheka peke yake, kisha akamwona usoni. “Nawe ni wa hizo kumi na nne.”

“Mama yangu anazikwa kesho.”

Dereva akafunga andazi lake kwenye karatasi. “Paspoti ziko pale pale langoni, wamezishika. Nenda ukajieleze. Au ushuke kabla ya mji, kuna vijana watakuvusha mtoni. Mto huu msimu maji ya goti.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia mzigo wake akaingilia. “Asikudanganye, mwanangu. Maji ya goti la nani? La kwake hili la tembo?”

Foleni ikacheka. Moliehi alilipa nauli, akaketi dirishani. Njia nzima alifikiria mto. Alifikiria kuingia nyumbani kwa mama yake na gauni limelowa, mbele ya mchungaji na wanawake wa kanisa wote wakiwa wamejitanda mablanketi yao mazuri ya shughuli. Gari lilipofika mjini, vijana wawili walikuja dirishani wakinong’ona, “Mtoni? Mtoni?” Akatikisa kichwa, akaenda zake langoni.

* * *

Afisa alikuwa msichana wa rika lake, mwenye kucha ndefu zilizomfanya ashike kalamu kwa ubavu. Alizungumza Kisotho kizuri cha upande ule. Alikwenda chumba cha nyuma, akakaa sana, akarudi na paspoti ya Moliehi ndani ya bahasha ya kahawia.

“Wewe ndiye Moliehi Ramokoena?”

“Ndimi.”

“Sasa, Dada Moliehi, nisaidie. Paspoti inasema ulitoka nchini wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi. Muhuri huu hapa. Hujaingia tena. Kwa hiyo uko Lesotho.” Akamtazama. “Huyu aliyesimama mbele yangu ni nani?”

“Sikutoka, dada. Nilikuwa kazini.”

“Paspoti imetoka.”

“Paspoti ndiyo.”

“Kumbe paspoti yako ina miguu.”

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, “Na inatembea kuliko mwenyewe!” Wakacheka zaidi. Moliehi alitazama doa kwenye gauni lake jeusi, akaliziba kwa mkono.

“Mama yangu anazikwa kesho asubuhi,” alisema kwa sauti ya chini.

“Pole. Lakini kila Ijumaa dirisha hili lina wafiwa. Kuna mmoja amemzika mama yule yule mara tatu tangu Januari.”

Moliehi akatoa simu, akaonyesha picha aliyotumiwa na Mathabo. Ilikuwa ratiba ya mazishi, na juu yake picha ya mama yake akiwa na kofia ya kanisa, ametabasamu kwa shida kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Mtoto wa Marehemu: Moliehi, atasema machache. Afisa akasoma yote, mpaka jina la atakayefunga kwa sala. Kucha zake zikatulia juu ya meza.

“Nisikilize,” alisema, na safari hii hakusema kwa ajili ya foleni. “Mihuri hii kama hamsini, yote lazima niiandikie. Nikikuachia upite bila kuandika, wiki ijayo nami niko ndani na dereva wako. Una njia mbili. Rudi ulikotoka, nami sijakuona. Paspoti itabaki hapa. Au utie sahihi kwamba ulikaa bila ruhusa kwa mihuri ya uongo, nikupe karatasi, uvuke sasa hivi. Ukitia sahihi, huingii nchi hii miaka mitano.”

“Miaka mitano?”

“Siipangi mimi.”

Binti yake Relebohile alikuwa na miaka mitano. Moliehi akaona kwamba angekuwa na kumi. Akaona pia sare za shule, na gunia la unga la kila mwezi, na mabati ambayo mama yake alikuwa ameyaona dukani akayasifia kwenye simu. Nje ya dirisha, ng’ambo ya daraja, watu walikuwa wakitembea na vifurushi vichwani, wakionekana wote wanakwenda mahali panapowahusu.

“Nitie wapi?” aliuliza.

Afisa akamwonyesha. Alipomaliza kugonga, akamsukumia karatasi pamoja na leso mbili za karatasi kutoka kwenye boksi lake, bila kumtazama, akaita, “Anayefuata!”

* * *

Alifika kijijini jua likizama nyuma ya mlima. Hema lilikuwa limeshasimama mbele ya nyumba ya mawe, masufuria makubwa motoni, na wanawake walikuwa wakimenya mboga huku wakiimba. Mathabo akamlaki kwa kilio, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku.

“Mbona umekonda hivi? Si mlisema kule mnakula nyama kila siku?”

“Mama aliumwa tangu lini?” Moliehi aliuliza.

Mathabo akashusha mikono. “Tangu Februari.”

“Februari! Nilikuwa naongea naye kila Jumapili.”

“Alikuwa anaketi kwanza. Tunamketisha, tunampa maji, anapumzika, ndipo anapokea. Alinikataza nisikuambie. Alisema, akisikia atakuja, na akija kazi itakwenda. Nilimwapia.” Mathabo akafuta pua kwa ncha ya blanketi. “Ningefanyaje?”

Mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa kike, nywele zimesukwa mistari, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

“Relebohile,” Moliehi aliita. “Njoo, mama.”

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. Moliehi akapiga magoti, akatoa vile viatu vyekundu. Mtoto alivitazama vizuri, lakini hakusogea. Mathabo akamvuta kwa nguvu, wakamjaribisha. Kisigino hakikuingia hata nusu.

“Umekadiria mtoto wa nani?” Mathabo alisema, kisha akajutia alivyosema.

Mtoto akajinasua, akakimbilia chumbani. Mathabo akaeleza kwamba anamfahamu mama yake kwa simu tu. Simu ya bibi ilikuwa humo ndani, mkononi mwa mtoto, tangu bibi apelekwe mochari hakubali kuiachia. Moliehi akazunguka nyuma ya zizi, mahali ambapo sauti za waimbaji zilikuwa mbali, akapiga namba ya mama yake.

“Mama?” sauti ndogo ilijibu mara moja.

“Ndiyo, ni mimi, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Mama, watu ni wengi. Wamechinja ng’ombe. Kuna mwanamke amekuja.”

“Mwanamke gani?”

“Simjui. Ana nguo nyeusi kubwa. Ameweka begi lake kwenye kitanda cha bibi.” Mtoto akapumua kwenye simu. “Bibi akirudi atamfukuza?”

Moliehi aliegemea mawe ya zizi. Alisema bibi hakasiriki. Alimwambia yule mwanamke ni mtu mwema, ampe nafasi kidogo tu. Mtoto akasema atafikiria.

Asubuhi walimzika. Baridi ilikuwa kali, na ardhi ya makaburini ilikuwa ngumu kiasi kwamba wanaume waliochimba walikuwa wamevunja mpini wa sururu. Moliehi alisema machache kama ratiba ilivyotaka. Alisema mama yake alikuwa mtu wa kupenda watu, akashindwa kuendelea, wanawake wakamfunika kwa wimbo. Kabla jeneza halijafungwa alikuwa amemtazama. Mikono ilikuwa imekonda mpaka pete ya ndoa imefungwa kwa uzi isidondoke. Wanaume walipokezana sepetu mpaka kaburi likajaa. Kisha watu wote wakarudi kunawa mikono kwenye beseni la maji ya shubiri, wakapanga foleni ya chakula.

* * *

Jumapili, baada ya wafiwa kunyolewa nywele, ukoo uliketi ndani. Mjomba Mohapi, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa kwenye kiti pekee chenye mikono, kofia juu ya goti. Alimshukuru Mungu, akawashukuru majirani, akaishukuru bima ya mazishi ya akina mama. Kisha akamgeukia Moliehi.

“Na wewe mwanangu, tunakushukuru kuliko wote. Nyumba hii wewe ndiye nguzo. Marehemu alikula kwa jasho lako. Sasa tumekaa wakubwa tumeona hivi: mtoto atabaki kwa Mathabo. Wewe kesho uwahi gari, uendelee na kazi kama kawaida, tusiwaudhi wenye kazi.”

“Sirudi, Mjomba,” Moliehi alisema.

“Keshokutwa basi.”

“Sirudi kabisa. Nimefungiwa. Miaka mitano.”

Akaeleza, kwa maneno machache, mambo ya paspoti na ya dirishani. Alipomaliza, Mjomba aliokota kofia iliyomdondoka, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa. Halafu Mathabo akaanza kulia. Hakulia hivyo kaburini. Alijipiga mapajani, akapaza sauti, mpaka wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nje wakachungulia kujua nani tena amekufa.

“Ulitia sahihi?” alisema katikati ya kilio. “Mkono wako mwenyewe? Kwa nini hukuvuka mtoni kama watu?”

“Nifike nimelowa kwenye msiba wa mama?”

“Ungekauka!”

“Mathabo,” Mjomba alisema.

“Ungekauka, Moliehi! Kuna moto, kuna mablanketi! Mama yako ameumwa miezi mitano anaficha, ana maumivu hana dawa, anasema mtoto asipoteze kazi. Wewe dakika moja dirishani umemwaga yote!”

Moliehi alitaka kusema kwamba alipenda amzike mama yake akiwa na nguo kavu, mara moja tu katika maisha yake, mbele ya watu, kwa kupita mlangoni. Lakini neno hilo halikuwa na maana tena ndani ya chumba kile. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kinahisi baridi. Akakiinamisha.

Jioni Dada Busi akapiga. “Uko wapi? Ni saa kumi na mbili, watoto wanauliza.” Moliehi akamweleza. Dada Busi alishtuka kweli, akasema maskini, maskini, akasema nchi hii haina huruma. Kisha akasema, “Basi mwache Puseletso aendelee. Watoto wameanza kumzoea, na si vizuri kuwabadilishia watu. Hizo nguo zako nitamwambia azifungashe.” Kwa nyuma Lwandle alisikika akipiga kelele, “Moli! Mwambie Moli aje, huyu hajui sahani!” Dada Busi akacheka kwa haya. “Umewasikia? Watazoea.” Akakata.

* * *

Wiki tano Moliehi alisimama mbele ya viwanda vya nguo. Alitoka nyumbani nyota zikiwa bado ziko juu, akafika geti likiwa tayari limezungukwa na wanawake mia mbili, mia tatu, kila mmoja na cheti chake kwenye nailoni. Saa mbili hivi mtu angetoka na kunyoosha kidole: wewe, wewe, wewe mwenye skafu ya kijani. Siku nyingine hatoki kabisa. Siku moja kidole kilimwelekea Moliehi, akapiga hatua, kumbe kilikuwa cha aliye nyuma yake. “Si wewe, kipara,” mtu yule alisema, na wanawake wakamcheka, kisha wakanyamaza walipokumbuka kichwa kama kile ni cha mfiwa.

Nyumbani mambo yalikuwa yakigeuka polepole. Mwanzoni Relebohile alimwita “huyu.” Huyu amepika. Huyu ananichana vibaya. Wiki ya tatu akakubali kuogeshwa naye. Moliehi alikuwa akijua kuogesha mtoto kuliko kitu kingine chochote duniani. Alijua kukinga macho na povu kwa kiganja, alijua nyimbo za kuwatoa ndani ya maji. Mtoto akacheka. Usiku wa baridi kali akahamia upande wake wa kitanda bila kusema, akamwekea nyayo zake mbili za barafu tumboni, akalala. Moliehi hakulala mpaka kukacha. Aliogopa akigeuka ataziondoa.

Unga uliisha wiki ya nne. Mathabo hakusema kitu. Alipakua ugali, akampa mtoto, akampa Moliehi nusu ya sahani, naye mwenyewe akasema ameshiba. Alisema ameshiba siku tatu mfululizo. Siku ya nne Mjomba Mohapi alikuja, akakataa kuketi.

“Maji bado madogo,” alisema akitazama nje. “Mvua zikianza hapapitiki tena. Nimeongea na mtu.”

“Wakinikamata, Mjomba?”

“Watakurudisha. Kwani hapa uko wapi?”

Moliehi alimtazama Mathabo aone atasema nini. Mathabo alikuwa akifuta sufuria iliyokuwa safi.

Asubuhi ile Relebohile aliamka wakati Moliehi anafunga kamba za viatu. Akaketi kitandani, blanketi kichwani, akamtazama mama yake na lile begi.

“Mama,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo ana kwa ana. “Unakwenda wapi?”

“Kazini.”

“Utarudi lini?”

“Mwisho wa mwezi,” Moliehi alisema.

Mtoto akaridhika, akajilaza tena. Akanyoosha miguu kwenye sehemu yenye joto ambayo mama yake alikuwa ameiacha.

* * *

Mtoni kulikuwa na wanawake wawili wengine wanasubiri kwenye matete, na mbebaji, kijana mrefu mwenye kaptula, akijipaka mafuta ya mgando miguuni. Mjomba alimpa noti ya maloti hamsini. Kijana akaikunja, akaitia kwenye kofia.

“Nani kwanza? Mnene kwanza, nikiwa bado na nguvu.”

“Mnene ni mama yako,” mwanamke mwenye kofia ya sufu akamjibu, akapanda mgongoni kwake. Yule kijana akayumba makusudi, mwanamke akapiga yowe, wote wakacheka kidogo kwa woga.

Zamu ya Moliehi ilipofika, Mjomba alivua kofia, akataka kusema neno, akaishia kumfunga vizuri blanketi shingoni. Moliehi akapanda mgongo wa mtu asiyemjua. Maji yalimfika kijana kiunoni, wala si gotini. Yalikuwa na barafu nyembamba pembeni, iliyokuwa ikivunjika.

“Mara yako ya kwanza?” kijana aliuliza, meno yakigongana.

“Nimefanya kazi huko miaka minne.”

“Nauliza mto.”

“Ndiyo. Mara ya kwanza.”

“Usitazame maji. Utanipa uzito.”

Akamshusha kwenye tope la upande wa pili, akageuka kumfuata wa tatu. Mbele yao kulikuwa na uzio wa seng’enge uliokatwa sehemu moja, na shamba kubwa la mabua ya mahindi lisilo na mtu. Viatu vya Moliehi vilikuwa vimeingia maji. Alivivua, akavikung’uta, akavivaa tena. Alipogeuka, Mjomba alikuwa ameshaondoka.

Mwanamke wa kofia ya sufu alikuwa akifunga nailoni miguuni juu ya soksi, kwa ajili ya mwendo. Alimtupia Moliehi nailoni mbili.

“Mimi nakwenda kwa Mhindi mmoja, mji wa huku uitwao Bethlehem, anauza samani. Huyu mwenzetu ana dada yake mji wa Welkom. Wewe unakwenda kwa nani?”

Moliehi aliinama, akafunga nailoni ya kwanza, akakaza fundo.

“Kwa yeyote mwenye watoto,” alisema.